Unyasi wa Kumi na Saba

Asubuhi aliyoondoka, mjukuu wangu Felista alinitegea kitendawili, nami nimekaa nacho miaka minne: Nimekiacha nyuma, nimekikuta mbele.

Nilijibu kivuli. Akatikisa kichwa. Nikajibu njaa, akacheka mpaka akashika kiuno, akasema bibi yangu wewe kila kitendawili jibu lake ni njaa. Akataka nimpe mji. Kwetu ndivyo tunavyocheza: aliyeshindwa humpa mwenzake mji, mwenzake anakaa kwenye mji huo, anakula na kunywa vya huko kwa maneno matupu, akishashiba ndipo anatoa jibu. Nikamwambia sikupi. Nenda na jibu lako, mke mwenzangu, ukirudi utanikuta nimelipata.

Mke mwenza tuliitana tangu akiwa mdogo, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba. Mama yake, binti yangu, alifariki akimzaa. Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa uwele, akakua mrefu kuliko mlango wangu, akasomea mambo ya mbegu. Alipochaguliwa kuwa mtunza mbegu kwenye chombo walichokiita Korongo, alikuja kuniambia huku ameshika mikono nyuma, kama alivyokuwa akifanya zamani akivunja kikombe.

Kila kitu walichotaka kubeba kilipimwa uzito, na vingi vikarudishwa. Kikapu nilichomsukia kilipita, kwa kuwa ni chepesi na yeye alisema atawekea mbegu. Nyasi nyekundu arobaini na mbili zilizunguka tumbo la kikapu kile, zote zimelala upande mmoja isipokuwa mmoja. Bibi yangu aliyenifundisha kusuka alinifundisha hivyo. Kikapu cha mtu anayekaa nyumbani unakisuka sawasawa. Kikapu cha msafiri, unyasi mmoja unauacha umewakatiza wenzake. Huo ni mlango wake wa kurudia.

Felista aliupapasa kwa kidole gumba, akaupata, akaridhika. Hakuniuliza kwa nini nimechagua ule wa kumi na saba.

*

Kituo cha masahani kilijengwa uwanda wetu wa Unyasumbi nikiwa na miaka sitini na tatu. Masahani mia mbili, kila moja kubwa kama zizi la ng'ombe, yameangalia juu usiku na mchana. Yanasikia, hayaoni, kwa hiyo jua haliyasumbui. Mkuu wa kituo alikuwa Dakta Aikande Shangali, mwanamke wa Machame anayetembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Alikuja kwenye kikundi chetu cha wasuka vikapu akichagua wanawake kumi na wawili, na katika hao tulikuwamo mimi na jirani yangu Yulita.

Alitueleza kwamba mbali sana, kupita nyota zote tunazoziona, kuna vitu vinaitwa kwasari. Kila kwasari ni shimo jeusi katikati ya kundi zima la nyota. Linakula huku linazunguka, na kwa pupa yake linatema miale miwili, mmoja juu na mmoja chini. Yulita akasema basi hiyo ni pia, ile ya mti inayochapwa na watoto kwa kamba, na miale ni msumari wake. Dakta alifurahi mno. Tangu siku hiyo kituo kizima, pamoja na maprofesa, kikaacha kusema kwasari, kikawa kinasema pia.

Akasema ulimwengu haukumwagwa kama mtama, umesukwa. Makundi ya nyota yamejipanga kwenye kamba ndefu, kamba zinakutana kwenye mafundo, na kati ya kamba na kamba ni matundu matupu ambamo hakuna kitu. Na hizo pia zilizo kwenye kamba moja, hata zikiwa zimeachana umbali ambao mwanga unatembea miaka mamilioni kuumaliza, misumari yake imelala upande mmoja, kama nyasi ndani ya kikapu.

Tulimwuliza sisi tutafanya nini na habari hizo. Alitutoa nje mpaka nyuma ya jiko, mpishi alipokuwa akipasua kuni. Akamwomba shoka. Akalipiga gogo la mgunga kwa kulikatiza, shoka likaruka nusura limpate. Akalisimamisha, akalipiga kufuata nyuzi zake, likafunguka kama ganda la karanga. Anga nayo ina nyuzi, akasema akihema. Kulikuwa na injini iliyoundwa kuipasua anga kwa kuzifuata nyuzi hizo, na kwa mafuta kidogo ingefika mahali ambapo chombo kingine kisingefika. Ilibaki kujua nyuzi zimelala wapi hasa. Misumari ya pia ndiyo inayoonyesha.

Kompyuta zilikuwapo, tena nyingi. Shida yake ni kwamba zilikwisha kushibishwa ramani za zamani, kila zikionyeshwa pia zinasema imelala kama wenzake, hata ukizipa picha ya ukungu mtupu. Dakta alitaka mikono isiyosoma kitu. Picha ya pia ingekuja kwenye kioo, doa la mwanga lililovutika kidogo. Wewe unalaza unyasi juu yake kufuata ulalo wake, unakanyaga kibati, mashine inapima. Kisha unatupa unyasi, unangoja picha nyingine. Sharti lilikuwa moja: usilinganishe pia na pia.

Sasa mwambie msuka vikapu atupe unyasi mzima. Hakuna aliyetupa. Kila mmoja wetu alikuwa na ungo pajani, na kila unyasi uliotoka kwenye kioo uliwekwa kwenye ungo, kando ya mwenzake, kwa ulalo uleule. Hatukukusudia kuvunja sharti. Mikono ilijiendea tu.

Siku nilipopewa Kamba ya Saba, ungo wangu ulikuwa unapendeza. Nyasi kumi na sita, zote zimeinama kulia kidogo, kama mtama ukipigwa na upepo. Pia ya kumi na saba ikaja imekatiza. Nilifuta kioo. Nikafuta macho, maana mwaka ule nilikuwa nimeanza kuona ukungu jicho la kushoto na sikumwambia mtu. Nililaza unyasi palepale doa lilipolala. Nikautazama. Kisha kidole changu kikausukuma ukalingana na wenzake, nikakanyaga kibati.

Yulita alikuwa kiti cha pili. Aliona. Akarudia kioo chake, na mimi sikuhisi nimefanya kitu.

Lakini nilipokaa nyumbani kumsukia Felista kikapu, nilisuka Kamba ya Saba, kwa sababu ndiyo njia ambayo Korongo ingepita na nilitaka aende na ramani yake mwenyewe. Nilipofika unyasi wa kumi na saba nikaulaza kama nilivyouona kwenye kioo, si kama nilivyousukuma. Mkono uliodanganya kituoni ulisema kweli nyumbani.

*

Korongo ilipokuwa na miaka mitatu njiani, Dakta alituita. Kazi yetu ilikwisha zamani, kila mtu alikuwa amerudi kwenye alizeti zake, kwa hiyo tulijua kuna jambo.

Hakukaa. Alisema chombo kinakula mafuta kuliko hesabu, si mengi, kama gari lenye gurudumu linalokwaruza. Kulikuwa na sababu mbili tu. Huenda kinapita kwenye vumbi, na vumbi huisha. Au huenda ramani ya Kamba ya Saba imekosewa mahali, na chombo kinakwenda kikikatiza nyuzi bila kujua.

Kama ni vumbi, waendelee, watafika kule wanakokwenda na watarudi. Kule ni dunia ya mawe isiyo na jua lake, inayoelea peke yake gizani na joto lake tumboni. Watu wa kituo waliipa jina Yatima. Kama ni ramani, wakiendelea watapita kando ya Yatima, na mbele ya hapo ni tundu la kikapu. Wakigeuka sasa watafika Yatima kwa hakika, lakini kugeuka ni kukatiza nyuzi kwa shoka, kutakula mafuta yote ya kurudi. Na yeye hawezi kuwageuza kwa kubahatisha; lazima ajue kosa liko wapi na ni kubwa kiasi gani. Kuipima upya Kamba ya Saba ni miezi minane. Sauti inatembea siku mia moja na sitini kumfikia Felista na wenzake thelathini na saba. Ili ujumbe uwafikie kabla hawajapita mahali pa kugeukia, alikuwa na siku ishirini tu za kuamua.

Akauliza kama yupo aliyewahi kusoma pia yoyote asiridhike nayo.

Tulitazama sakafu, wanawake kumi na wawili. Mimi nilitazama viatu vya Yulita. Vilikuwa na vumbi jekundu.

*

Kesho yake mchana Yulita alinikuta napepeta alizeti. Akachukua ungo wa pili bila kuombwa, akaanza kupepeta nami. Tumefanya hivyo miaka arobaini. Mtoto wake wa mwisho, Damasi, alikuwa fundi wa hewa kwenye Korongo, na nyumbani ameacha mke na watoto wawili ambao kila mwaka bibi yao huwachorea mstari wa mkaa kwenye mlango, kuhesabu.

"Nilikuona ukinyoosha," alisema.

Nikamwambia najua.

"Na mimi ningenyoosha, Perpetua. Nani angeuacha vile? Ni unyasi mmoja. Unyasi mmoja haupotezi kikapu."

Nilimwambia kikapu hakipotezi. Chombo sijui.

Akazungumza sana, kwa upole, akitupa makapi upepo ulikokwenda. Alisema hata Dakta hajui, na Dakta amesoma. Alisema vumbi liko kila mahali, mtu anafuta meza asubuhi na jioni anafuta tena, sembuse huko. Alisema nikinyamaza bado kuna vumbi, na kukiwa na vumbi kuna kurudi. Nikisema, nimefuta ile mistari ya mkaa kwa mkono wangu mwenyewe.

"Na kama si vumbi?" nilimwuliza.

Ungo wake ukasimama.

"Wewe unaye mmoja tu, na hakuacha mtoto," alisema. "Ndiyo maana unathubutu."

Alijua anachosema, na alijua mimi najua. Akajifunga kanga, akaenda zake, akaacha ungo wake juu ya jiwe. Sikuugusa kwa siku saba. Kuku waliumaliza.

Katika siku hizo saba nilikuwa napika chakula cha watu wawili, nikikaa nacho, nikifikiria Felista akifika na miaka thelathini na kitu, akiinamisha kichwa mlangoni. Nilikuwa na haki ya kungoja hilo. Nililea mara mbili, nikazika mara mbili. Kisha nilifikiria wakipita kando ya Yatima: mtu mmoja anaona kwanza, hasemi, anaona wa pili, na mbegu zake ndani ya kikapu hazina udongo. Kunyamaza kungenipa Felista wa kungojea. Hakungempa Felista kitu.

*

Siku ya nane nilikwenda kituoni. Nilimwambia Dakta Shangali yote, pamoja na jicho la kushoto. Hakufoka. Aliuliza unyasi ule ulikatiza kiasi gani. Nikasema hivi, nikaonyesha kwa kiganja. Alileta kioo kitupu na unyasi, akaniomba niulaze. Nikaulaza, akapima. Akaniomba tena, akapima. Mara ya tatu akaweka kalamu chini, maana mara zote tatu zilikuwa tofauti.

"Bibi, kwa hesabu hizi siwezi kugeuza hata baiskeli," alisema. "Hakuna mahali ulipoandika? Hata ukutani?"

Nikamwambia mimi siandiki, nasuka. Nimeusuka kwenye kikapu cha mjukuu wangu, umelala kama ulivyolala kwenye kioo siku ileile. Nyasi nyingine arobaini na moja ziko vilevile kwenye ramani. Wakizitumia hizo kama mstari, ule mmoja wataweza kuupima.

"Kikapu kiko wapi?"

"Anacho."

Dakta akausogeza kando ule unyasi. Alikuwa amewahi kunisikia nikisimulia wenzangu habari za unyasi wa msafiri, siku moja wakati wa chai, na akacheka vizuri, kama mtu anayependa kitu asichokiamini. Sasa hakucheka.

"Unaelewa unamtuma mtoto akapime nini?"

"Mlango wake," nikasema.

Alitaka asome yeye ujumbe, aseme kosa limegunduliwa kituoni, jina langu lisitajwe. Nilikataa. Mtoto akiambiwa jambo hilo na mgeni atasita, na hawana muda wa kusita. Wakaniwekea kipaza sauti mbele ya mdomo, kimevalishwa sponji kama soksi.

Nilisema: "Felista, ni bibi yako. Chukua kikapu. Hesabu nyasi nyekundu kuanzia kwenye mshono. Wa kumi na saba ndio wa kweli. Ule wa kituoni niliunyoosha mimi, kwa kidole changu, nikaogopa kusema. Mpe nahodha apime." Nikakisogelea kipaza sauti. "Kitendawili chako bado sijakijibu."

*

Siku mia tatu na ishirini ni kulima, kupanda, kuvuna na kuanza tena. Yulita alibadilisha njia ya kwenda bombani asipite kwangu. Kanisani alikaa upande wa wanaume. Mke wa Damasi alinisalimia, lakini alisalimia kama anavyosalimiwa askari. Sikumlaumu yeyote kati yao. Jibu la kitendawili lilinijia siku moja bila kulitafuta, nimeinama najaza ndoo, na nilipolipata niliiacha ndoo ikamwagika.

Majibu yalipofika Dakta alituma gari kwangu na kwa Yulita. Tulikaa kwenye benchi moja, pochi yake katikati yetu kama ukuta.

Sauti ya Felista ilikuja nyembamba, lakini ni yake, hata kile kikohozi cha kuanzia. Alisema wametoa mbegu zote, wakakiweka kikapu mezani, nahodha akapima kwa miwani ya ufundi, mara tano, na mara zote tano zililingana. Haikuwa vumbi. Nahodha hakutoa amri kwanza; aliwauliza. Wote walinyoosha mikono kugeuka, Damasi akawa wa mwisho. Damasi alilia, Felista alisema, ingawa ndiye aliyeshika taa wakati wa kupima. Wamekwisha kugeuka. Chombo kimeacha kukwaruza. Mafuta ya kurudi yamekwisha.

Yulita alisogeza pochi, akaiweka sakafuni.

"Bibi, sikuunyoosha," Felista aliendelea. "Waliuinua kwa sindano, nikaurudisha ulivyokuwa. Kikapu kizima." Nyuma yake kuna mtu alikuwa akigongagonga chuma. "Hapa wanabishana jina la mahali tutakapokaa. Mmoja anataka hili, mwingine lile. Nimewaambia wangoje, kuna mwanamke Unyasumbi hajanipa mji wangu. Mke mwenzangu, miaka yote hii umeshindwa? Nipe mji basi, nikupe jibu."

Ikawa mwisho. Dakta akanisogezea kipaza sauti. Maneno yangu yangemfikia baada ya siku mia moja na sitini, na jibu lake lingechukua siku nyingine mia moja na sitini kurudi, na mimi nina miaka sabini na mbili na moyo unaoruka hatua.

Jibu nilikuwa nalo. Nyumbani. Nimekiacha nyuma, nimekikuta mbele. Lilikuwa mdomoni kabisa, na ningelitoa angejua bibi yake hakushindwa. Lakini aliyejibu hatoi mji.

"Mpe mtoto mji," alisema Yulita. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu alizeti. Alikuwa akitazama mbele.

"Nimeshindwa," nilisema kwenye kipaza sauti. "Nakupa Unyasumbi, Felista. Wote. Chukua na upepo wake, na alizeti, na jiwe la kupepetea, na mlango ule uliokuwa ukiugonga kwa kichwa. Kaa. Kula, unywe. Ukishiba uniambie jibu."

Kisha nikabaki nimeinama pale, kama mtu anayengoja kujibiwa kutoka chumba cha pili, mpaka Dakta akanishika bega na kukizima kipaza sauti.